Virusi ni nini hasa, maana sasa imezidi

Wiki hii peke yake nimeletewa laptop tatu za kutengeneza hapa Mwanga, Kigoma, na wenye laptop wote watatu wamenitamkia sentensi ileile, "kaka hii ina virusi, nipigie windo", yaani niiwekee Windows upya. Ya kwanza haikuwa na virusi. Ya pili haikuwa na virusi. Ya tatu ilikuwa na kitu, ila siyo virusi, ntaielezea huko chini maana hiyo ndo iliyonifanya niandike.

Tuanze na maana, iko fupi. Kirusi cha kompyuta ni programu iliyoandikwa na mtu, inajipachika ndani ya programu au faili lingine, na ukilifungua lile faili inajinakili kwenda kujipachika kwa mengine. Basi. Imeandikwa na mtu, inajinakili, inahitaji mwenyeji wa kuibeba. Vumbi halijaandikwa na mtu. Betri kuchoka siyo kujinakili.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, virus, zamani walimaanisha sumu, au ute mchafu. Madaktari wakalichukua kwa ajili ya vile vidudu, afu mwaka 1983 huko Marekani, Chuo Kikuu cha Southern California, mwanafunzi Fred Cohen akaonyesha programu inayojipenyeza ndani ya programu nyingine na mwalimu wake Leonard Adleman ndo akapendekeza iitwe hivo. Na jina limekaa, maana kirusi cha mafua nacho nje ya seli ya mtu hakifanyi kitu. Miaka mitatu baadae, 1986, kikatoka kinaitwa Brain, kilikuwa kinatembea kwenye disketi, waliokiandika ni ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, na humo ndani waliweka majina yao, anwani na namba za simu kabisa! Yaani ulikuwa ukiumwa unampigia aliyekuambukiza.

Sasa Waswahili tulipolipokea ndo raha yenyewe. Tuliona "vi" pale mwanzo tukajua huu ni wingi, tukautafutia umoja wake, tukapata kirusi kimoja, virusi viwili. Ni mambo yaleyale ya kipilefti, Mwingereza alisema tu kaa kushoto, sisi tukakata ki tukaweka vi tukapata vipilefti, na kitabu nacho kilitoka Uarabuni kikiwa na "ki" yake ambayo wala haikuwa ya ngeli. Mimi sina shida na hilo, lugha inakula inavotaka. Shida ndogo ni kwamba Kirusi pia ni lugha ya Warusi, na kuna mzee wa Ujiji aliwahi kuniletea mashine aliyopigiwa windo la kuokoteza, menyu zote zimeandikwa Kirusi, akaniambia "mwanangu, hii ina kirusi". Siku hiyo sikubisha.

Kinachonikera ni hii ya kuita kila kitu virusi, maana jina likikosewa na dawa inakosewa, na dawa ya mtaani kwetu ni moja tu, kupiga windo. Ile laptop ya kwanza nimefungua mfuniko wa chini, feni imevaa vumbi jekundu zito kama kipande cha blanketi, joto halina pa kutokea kwahiyo prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, na mwenyewe anaona "virusi". Brashi ya rangi, dakika kumi na tano, imepona. Ya pili nimebonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager inayoonyesha kompyuta inashughulika na nini, safu ya diski inasoma asilimia 100 na hajafungua kitu chochote, kumbe diski ni ile ya kuzunguka, ya zamani, inakwaruza kama mtu anaparura sufuria. Hapo unahamisha mafaili yako kwanza, LEO, afu unanunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Ukipiga windo kwenye diski inayokufa umepamba maiti.

Ya tatu ni ya dada mmoja wa chuo, shida ilianzia kwenye flashi yake ya ripoti ya fildi. Kila folda imegeuka shotikati, yaani njia ya mkato tu ya kufungulia kitu, ina kamshale kadogo pembeni, na fundi wa kwanza alishamwambia flashi ifomatiwe. Jamani. Angalia nafasi ya flashi, kama inasema imetumika giga sita na wewe unaona shotikati tu, mafaili yako yamo, yamefichwa. Usizibonyeze zile shotikati, ukibonyeza ndo unakiamsha. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri), kama flashi yako ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* afu Enter, subiri, folda zinarudi, futa shotikati, kisha skani flashi na kompyuta zote mbili (Windows 10 na 11 zina antivirus yake ndani, Defender, siyo lazima ununue kitu). Ripoti yote ilirudi, na picha za kitchen party juu yake.

Na huyo kwa jina lake ni mnyoo. Mnyoo haujipachiki kwenye faili la mtu, ni programu kamili inayojinakili na kusafiri yenyewe, kama ule wa Robert Morris, mwanafunzi wa Marekani, wa Novemba 1988 ulioangusha maelfu ya kompyuta kwenye intaneti. Afu kuna trojani, programu mbaya inayojifanya nzuri, hiyo umeikaribisha mwenyewe sebuleni ulipotafuta kreki ya Office, ya kuitumia bure bila leseni, nayo wala haijinakili. Hata "antivirus" ni jina la mazoea tu, inakamata hao wote.

Kwahiyo ukija kwangu usinipe jina la ugonjwa, niambie tu inafanya nini, inachukua dakika ngapi kuwaka, inazima ikipata moto, au folda zimeota mishale. Ukisema virusi pia ntakupokea, ntakuuliza tu umeviona wapi.