Vali ya aota: kupasuliwa kifua au kupitishiwa mrija?

Binti yangu ana miaka 19. Tumeambiwa vali yake ya moyo inavuja na atapasuliwa kifua. Nasikia kuna njia ya mrija, bila kupasua. Mbona yeye hapewi hiyo?

Pole sana, mama. Vali ya aota ni mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mwili mzima. Kwa wazee wengi mlango huo hukakamaa kwa chokaa, ukawa haufunguki vizuri. Njia ya mrija, iitwayo TAVI, ilibuniwa kwa ajili yao. Daktari Alain Cribier aliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 2002, Rouen, Ufaransa. Vali mpya iliyokunjwa hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, ikakunjuliwa ndani ya ile kuukuu. Chokaa ile ile iliyoleta ugonjwa ndiyo inayoishikilia.

Vijana wetu Uganda mara nyingi huharibiwa vali na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo utotoni. Vali inayovuja bila chokaa haina pa kuishikiza ile mpya. Tena vali ya mitra, mlango mwingine ndani ya moyo, nayo mara nyingi huwa imeguswa, na mpasuaji akishafungua kifua hushughulikia zote mbili. Kwa umri wa binti yako, upasuaji si njia ya wanyonge. Mara nyingi ndio tiba inayofaa zaidi.

Atawekewa vali gani?

Hapa ulizeni sana. Vali ya kutengenezwa kiwandani, isiyo ya mnyama, hudumu miaka mingi, lakini atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo suala la kuzaa lizungumzwe kabla ya upasuaji, yeye mwenyewe akiwapo. Vali ya ng'ombe au nguruwe kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu, ila kwa vijana huchakaa mapema na kulazimu upasuaji mwingine. (Waislamu wanaosita kuhusu nguruwe, ya ng'ombe ipo.) Kama mnakaa mbali na maabara ya kupimia damu, tuseme vijijini Karamoja, mwambieni daktari.

Mrija hauna hatari?

Unazo: kiharusi, damu kuvuja kando ya vali, na wengine kuhitaji kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo.

Apasuliwe wapi?

Uganda Heart Institute, taasisi ya moyo iliyopo Mulago, Kampala, hufanya upasuaji wa moyo. Akisharudi nyumbani, msiache sindano za penisilini alizoandikiwa; vali mpya haizuii homa ya baridi yabisi kurudi.