Msongo wa mawazo si kipimo cha imani

Huku Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, bado utasikia watu wakisema: mtu wa sala hapati msongo wa mawazo, akiupata, imani yake imepungua. Si kweli, na kauli hiyo inaumiza watu.

Msongo ni mwitikio wa mwili. Mkulima aliyekopa fedha za mbolea, kisha akakuta viazi vimeshikwa na ukungu, moyo utamwenda mbio na usingizi utakatika, awe mlokole au asiwe. Imani haizuii hayo. Inaingia pale anapoyakabili, na namna anavyoitumia ndiyo huleta tofauti. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament wa Marekani na wenzake, tangu miaka ya 1980, wameonyesha kwamba wanaosali huku wakitafuta suluhisho, na kufarijiwa na waumini wenzao, kwa kawaida hustahimili vizuri zaidi. Anayeamini kwamba Mungu anamwadhibu au amemtupa huelekea kuumia zaidi. Sasa huyu tunayemwambia "huna imani", si tunamsukuma huko huko?

Nabii Eliya aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Hakukemewa. Malaika alimgusa, akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena.

Kwa hiyo mtu akikosa usingizi wiki mbili, au akianza kuzungumzia kufa, mchungaji au shehe amsindikize hospitali mapema, na maombi yaendelee.