Ugonjwa wa figo: si wa kwa wajomba peke yao

Dhana: Figo ni ugonjwa wa ukoo wa mama.
Ukweli: Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo huhesabiwa kikeni, kwa hiyo mgonjwa akipatikana, historia huulizwa kwa wajomba na upande wa baba husahaulika. Jeni hazifuati utaratibu huo. Ugonjwa wa figo zenye vifuko vingi vya maji, unaotokana zaidi na hitilafu katika jeni ya PKD1 au PKD2, hurithiwa kwa mzazi yeyote, na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa 50% wa kuipokea hitilafu hiyo, awe wa kike au wa kiume. Aulizwe mjomba, na shangazi naye aulizwe.

Dhana: Ndugu wawili wakiugua figo, basi ni urithi.
Ukweli: Huenda walioga utotoni katika bwawa moja. Kichocho cha mkojo, ambacho bado kipo Lindi na Mtwara, kisipotibiwa kwa miaka mingi huacha makovu yanayoziba mirija ya mkojo, na mkojo ukirudi nyuma figo huharibika pasipo jeni yoyote kuhusika.

Dhana: Waafrika wote wana hatari moja ya kurithi.
Ukweli: Mwaka 2010 watafiti walionesha kwamba maumbo mawili ya jeni ya APOL1, yaitwayo G1 na G2, huongeza hatari ya figo kushindwa kazi. Inaaminika kuwa yalienea kwa sababu humsaidia mtu kupambana na vimelea vya malale. Yamejaa Afrika Magharibi, hasa kwa Wayoruba na Waigbo, yamepungua Afrika Mashariki, na Ethiopia ni nadra mno. Rangi ya ngozi, basi, haitoshi kukadiria hatari ya mtu wa Masasi. Hata Marekani, mwaka 2021, kanuni mpya ya kukadiria utendaji wa figo iliondoa kigezo cha rangi.

Dhana: Aliyerithi lazima augue.
Ukweli: Hatari kubwa humpata zaidi aliyepokea nakala mbili za maumbo hayo ya APOL1, moja kwa kila mzazi, na hata hao wengi wao hawaugui. Mara nyingi huhitajika kichocheo, kama VVU visivyotibiwa, ndiyo maana dawa za kufubaza virusi hulinda figo pia. Mwenye historia ya ugonjwa huu katika familia apime shinikizo la damu na protini kwenye mkojo mapema, kwa kuwa kreatinini, taka inayopimwa katika damu ili kujua figo zinavyochuja, huweza kusomeka ya kawaida hata pale karibu nusu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea.