Vitufe vya dawa ya fangasi: soma kabla hujalipa

Malalamiko tunayopokea siku hizi, ya Majengo na ya Kongwa, yanafanana. Mtu ameuziwa kichupa cha unga kupitia simu, kaambiwa ni "vitufe vya kisasa vinavyomfuata fangasi alipo", sindano moja basi. Hatumlaumu aliyenunua, kuwashwa miezi sita si mchezo.

Teknolojia yenyewe ipo. Ni vitufe, yaani vidonge vidogo mno vya mviringo, vya polima inayooza mwilini (aina ya plastiki), mara nyingi ile iitwayo PLGA, vyenye upana wa maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) chache hadi mia kadhaa, dawa ikiwa imefungiwa ndani. Maji ya mwilini huikatakata polima hadi ikawa asidi ya laktiki na ya glikoliki, na dawa hutoka kidogo kidogo kwa siku au wiki. Marekani iliidhinisha sindano ya aina hii kwa saratani ya tezi dume mwaka 1989. Kwa fangasi, watafiti wamefungia humo dawa za fangasi: amfoterisini B, inayojulikana kwa kuumiza figo, na itrakonazoli. "Kulenga" kwenyewe mara nyingi ni suala la ukubwa tu: kitufe cha maikromita 1 hadi 5 kikivutwa kwa pumzi hufika ndani ya mapafu, kikubwa zaidi huishia kooni. Hakina macho ya kumtafuta fangasi wa kidole cha mguu. Hili nimelieleza mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kazi hiyo ya fangasi kwa sehemu kubwa ingali maabara na kwa wanyama. Isichanganywe na amfoterisini ya liposomu, ambayo mwaka 2022 WHO ilipendekeza itolewe dozi moja kubwa, pamoja na flusitosini na flukonazoli, kwa wenye VVU wanaougua homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Liposomu ni mafuta, si polima, na dawa hiyo hutolewa hospitalini.

Mzee mmoja aliniuliza: vikiozea mwilini, havitaleta usaha? Swali la maana, kuliko la wanaodhani "inayooza" ni dawa ya mitishamba. Havileti usaha kwa kuvunjika, ila unga usio safi ukidungwa unaleta. Tena PLGA hulegea kwenye nyuzi joto 45 hadi 55 za Selsiasi, na unyevu hushusha kiwango hicho. Kichupa kilichoshinda kibanda cha bati mwezi Oktoba hapa Dodoma, hata kingekuwa halisi, vitufe vyake vinaweza kugandana.

Sasa utaratibu. Dawa husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Angalia namba ya usajili, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kikikosekana kimojawapo, usilipe, muulize mfamasia. Majaribio kwa binadamu yanahitaji kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na kibali cha TMDA, na mshiriki husaini fomu ya ridhaa. Aliyekutoza fedha bila fomu hakuwa mtafiti. Kuingiza, kuhifadhi au kuuza dawa isiyosajiliwa ni kosa: mzigo hukamatwa, na mahakama inaweza kutoa faini, kifungo au vyote viwili. "Nilikuwa namsambazia rafiki" si utetezi.

Ukipata madhara, nenda kituo cha afya kwanza, kisha toa taarifa kwa *152*00#. Kichupa usikitupe wala usikioshe. Kilete na kasha lake na ujumbe wa malipo. Tumeshaletewa vichupa visafi kama vya chumvi, na hapo hatuna pa kuanzia.