Steringi hafi, nyota huzeeka: maana ya mfumo wa nyota

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza hatukuwa na haja ya kujua jina la mwigizaji. Kulikuwa na steringi, kulikuwa na adui, basi. Neno lenyewe tuliliokota kwenye mabango na mwanzoni mwa mikanda, pale Kiingereza kinapotaja nani ameshika nafasi ya kwanza, tukaligeuza kuwa cheo. Na sheria ya cheo hicho kila mtoto aliijua: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kutupwa mtoni, lakini mkanda ukiisha lazima awe anatembea.

Kisha, bila yeyote kutufundisha, tukaanza kuulizana mlangoni: "Leo kuna nini?" Jibu: "Kuna ya Van Damme." Ya Van Damme! Hakuiandika, hakuiongoza, kamera si yake, na hadithi hakuna aliyeiuliza. Lakini jina lake lilitosha kututoa shilingi mfukoni. Hapo tulikuwa tumeshatoka kwenye steringi tumeingia kwenye nyota, na tofauti ya hayo mawili ndiyo kiini cha dhana hii.

Steringi ni mtu wa ndani ya hadithi, na hadithi ikiisha naye ameisha. Mwigizaji ni mtu wa kweli: ana mama, ana madeni, anaumwa meno. Nyota ni wa tatu. Ni sura na jina vinavyohama kutoka filamu hii kwenda ile, vikibeba ahadi ileile: ukimwona huyu, utapata kile ulichopata mara iliyopita. Mfumo wa nyota, basi, ni utaratibu wa kibiashara ambapo kampuni ya filamu humtafuta mtu, ikamtengenezea huyo wa tatu, kisha ikauza filamu kwa jina lake kuliko kwa hadithi yake. Marekani, kuanzia miaka ya 1910 hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, utaratibu huu ulikuwa na kipengele kimoja kikali ambacho wengi hawakijui: huyo wa tatu alikuwa na mmiliki, na mara nyingi mmiliki hakuwa mwigizaji mwenyewe.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Kampuni za kwanza za Marekani hazikuandika majina ya waigizaji kabisa. Sababu inayotajwa sana ni ya kibahili: mtu akijulikana, ataomba nyongeza. Watazamaji, ambao hawazuiliki, wakawa wanabandika majina yao wenyewe. Dada mmoja aliyekuwa akionekana kwenye filamu fupi za kampuni ya Biograph wakamwita "Binti wa Biograph", kama vile mtaani tunavyomwita mtu kwa duka analouza. Jina lake halisi lilikuwa Florence Lawrence.

Carl Laemmle, aliyekuwa na kampuni yake ndogo ya IMP, akamchukua. Mapema mwaka 1910 zikavuma habari kwamba Binti wa Biograph amekufa kwa ajali. Mwezi Machi Laemmle akatoa tangazo kubwa la kukanusha: ni uongo wa washindani, yuko hai, yuko kwetu, na filamu yake mpya ni hii hapa. Wanahistoria wengi wanaamini uvumi ulitoka mikononi mwake huyohuyo aliyeukanusha. Baada ya hapo binti akapelekwa St. Louis aonekane kwa macho, na umati ukamzonga. Angalia jinsi mtego ulivyofumwa. Watu walioujua uso tu walipewa jina, kisha kilio, kisha ufufuko, na vyote vitatu vilikuwa nje ya filamu. Hakuna aliyeongeza hata chembe ya ufundi wake wa kuigiza. Kilichoongezwa ni hadithi juu yake yeye.

Kutoka hapo Hollywood ikafanya jambo hilo kuwa kiwanda. Kazi ya kwanza ilikuwa jina. Archibald Leach akawa Cary Grant. Lucille LeSueur alipofika MGM, studio iliona jina lake haliuziki, ikawaambia wasomaji wa gazeti moja la sinema washindane kumbatiza. Ndivyo alivyopatikana Joan Crawford mwaka 1925, na mwenye jina inasemekana hakulipenda. Kazi ya pili ilikuwa mwili. Margarita Cansino, binti wa mcheza dansi kutoka Hispania, aling'olewa vinyweleo vya mbele kwa umeme ili paji la uso lipande, nywele zikatiwa rangi, akatoka akiitwa Rita Hayworth. Halafu kulikuwa na ofisi ya habari ya studio, iliyopeleka magazetini picha za nyota akipika, nyota na mbwa, nyota na mchumba ambaye pengine wamekutana jana yake kwa amri ya bosi.

Kilichofunga mzigo wote huu ni mkataba. Kwa kawaida ulikuwa wa miaka saba, lakini miaka saba hiyo ilimbana upande mmoja tu: studio ilikuwa na vituo njiani ambapo ingeweza kusema "basi, asante", mwigizaji hakuwa na hata kimoja. Akikataa filamu aliyopangiwa, alisimamishwa bila mshahara, na siku alizosimamishwa zikaongezwa mwishoni mwa mkataba. Yaani deni halipungui kwa kulikataa. Na aliweza kuazimwa. MGM ilimwazima Clark Gable kwa studio ndogo ya Columbia kama jirani anavyoazima kinu, na kwenye filamu hiyo ya kuazimwa, ya mwaka 1934, ndiko alikopata Oscar.

Wapo waliogoma. Bette Davis alikwenda kufanya kazi Uingereza mwaka 1936, Warner Bros. ikamfuata mpaka mahakama ya London, naye akashindwa. Olivia de Havilland alikuwa na subira zaidi. Miaka yake saba na Warner ilipokwisha mwaka 1943, akaambiwa bado ana siku za kulipa kwa filamu alizozikataa. Akaenda mahakamani California, na mwaka 1944 akashinda: miaka saba ni miaka saba ya kalenda, si ya hesabu za studio. Miaka minne baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kesi dhidi ya Paramount na wenzake, iliyofanya studio kubwa ziachane na majumba yao ya sinema. Bila uhakika wa mahali pa kuonyeshea, kulisha kundi zima la nyota kwa mshahara wa kila wiki kukawa mzigo.

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuielewa dhana hii kwa macho, simpeleki kwenye kitabu. Nampeleka kwenye filamu ya mwongozaji Billy Wilder ya mwaka 1950, Sunset Boulevard, ambayo Paramount yenyewe iliitengeneza, miaka miwili tu baada ya hukumu hiyo. Ni filamu inayohusu kutengeneza filamu na kuwa nyota, na inaanza kwa kuvunja sheria yetu ya kibandani: anayetusimulia ni maiti. Joe Gillis, mwandishi wa filamu aliyefukarika, anaelea kifudifudi bwawani na huku sauti yake inatueleza ilikuwaje.

Ilikuwaje ni hivi. Akiwakimbia wadai waliotaka gari lake, aliingia kwenye jumba kuukuu la Norma Desmond, nyota wa enzi za filamu bubu ambaye sauti ilipoingia kwenye sinema aliachwa nyuma. Anaishi na mtumishi mmoja, Max, kati ya picha zake mwenyewe. Kila siku zinakuja barua za mashabiki wanaomwomba arudi. Ameandika filamu ya kumrudisha kwenye sinema, anataka Joe ainyooshe. Joe anamwambia kwamba zamani alikuwa mkubwa. Yeye anajibu kwamba bado ni mkubwa, filamu ndizo zimekuwa ndogo.

Watu hukumbuka jibu hilo. Mimi hukumbuka barua. Katikati ya hadithi tunajua kwamba mashabiki wale hawapo: Max ndiye anayeziandika. Na Max si mtumishi wa kawaida, ni mwongozaji aliyemgundua Norma akiwa kigori, tena mume wake wa kwanza. Kwa hiyo studio nzima ya zamani imesinyaa ikawa mzee mmoja na kalamu yake, lakini kazi ni ileile ya ofisi ya habari: kumtengeneza wa tatu, kumlinda asijue kwamba amekwisha. Kisha inakuja simu kutoka Paramount. Norma anajipamba, anakwenda, anapokewa na mwongozaji Cecil B. DeMille, anayejiigiza mwenyewe. Wazee wa taa na mavazi wanamzunguka kwa furaha. Ukweli ni kwamba studio ilipiga simu ikitaka kuazima gari lake la kale kwa ajili ya filamu nyingine. Gari bado lina soko.

Wilder hakuishia kwenye maandishi. Anayemwigiza Norma ni Gloria Swanson, ambaye miaka ya 1920 alikuwa miongoni mwa nyota wakubwa kabisa wa Paramount hiyohiyo. Anayemwigiza Max ni Erich von Stroheim, ambaye kweli aliwahi kumwongoza Swanson, kwenye Queen Kelly, filamu iliyovunjikia njiani. Na Norma anapomwonyesha Joe filamu yake ya ujana sebuleni, mkanda unaopita ni Queen Kelly. Mwigizaji, mhusika na nyota wamekaa kwenye kochi moja wakitazama ukutani. Ila tusimchanganye Swanson na Norma, kosa ambalo wengi hulifanya: Swanson alivuka kuingia kwenye filamu za sauti, akateuliwa kuwania Oscar kwa mojawapo, kisha akaendelea na maisha mengine. Kwamba sisi tunaona ugumu kuwatenganisha ni ushahidi kwamba mashine bado inafanya kazi vichwani mwetu.

Je, kwetu ulikuwapo mfumo huu? Nusu. Enzi za Bongo Movie za kanda na diski, wasambazaji wa Kariakoo walitazama kwanza sura iliyo kwenye kava. Filamu bila uso unaojulikana ilikuwa ngumu kuuzika hata ingekuwa na kisa kizuri namna gani. Steven Kanumba, aliyeanzia kwenye maigizo ya televisheni na kundi la Kaole, alipofariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, Dar es Salaam ilifurika watu waliokwenda kumzika kama ndugu, na wengi wao hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Huyo alikuwa nyota kwa maana kamili. Lakini hakukuwa na studio iliyommiliki kwa miaka saba. Mastaa wetu wenyewe ndio walikuwa wakifungua kampuni, wakizalisha, wakiongoza na kujiweka kwenye kava. Sura iliuza, lakini mwenye sura alikuwa pia mwenye mkoba, na mwenye hasara.

Kwa hiyo unaposikia leo mtu yeyote mwenye wafuasi wengi mtandaoni akiitwa staa, lugha si kosa, maneno hupanuka. Ila umaarufu si mfumo wa nyota. Mfumo unahitaji bidhaa inayouzwa kwa jina, na mtu au kampuni inayokusanya fedha jina hilo linapouzwa.

Florence Lawrence, kama unajiuliza, hakudumu kileleni. Aliumia kwenye moto wakati wa kupiga filamu, watu wakahamia kwa wengine, na miaka ya 1930 MGM ilikuwa ikimpa nafasi ndogondogo za kupita nyuma ya wenye majina. Alijiua mwaka 1938, akazikwa Hollywood kwenye kaburi lisilo na alama. Jiwe liliwekwa mwaka 1991. Chini ya jina lake limeandikwa kwamba ndiye nyota wa kwanza wa filamu, na pia Binti wa Biograph, kampuni aliyoihama zaidi ya miaka themanini kabla ya jiwe hilo kuchongwa.