Shahada ya sayansi za tiba: anza na magonjwa ya kwetu Kusini

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipumziki. Wazazi wa Mtwara mjini, Masasi, Nachingwea, hata Kilwa, wote huuliza jambo moja: mtoto ana PCB yake (fizikia, kemia na baiolojia), akasome nini? Mimi ni mtaalamu wa maabara, na nasimamia wanafunzi wa vyuo wanaokuja kufanya mafunzo ya vitendo huku kwetu. Leo nimeona nijibu kwa maandishi, maana jambo hili ni refu kuliko simu.

Nianze na tofauti. Udaktari, yaani MD, ni miaka mitano ya darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi chini ya usimamizi. Shahada za sayansi za tiba, hasa ya maabara, huchukua miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Vigezo vya kudahiliwa visomeni kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka husika, kwa sababu habari za mtaani mara nyingi ni za mwaka juzi. Ushindani wa MD ni mkubwa, na vijana wengi wenye ufaulu mzuri huikosa. Ndipo wanapojaza sayansi ya maabara kama chaguo la mwisho, kwa unyonge, wakienda Dar es Salaam, Moshi au Mwanza na moyo nusu. Unyonge huo unaniuma, kwa kuwa hauna msingi wowote. Shahada hii inamfundisha mtu kujibu swali moja gumu, kwa nini mwili huu unaumwa hivi, na mtoto wa Mtwara au Lindi anaingia darasani akiwa ameshaliona swali hilo kijijini kwao.

Chukua chikungunya. Mwaka 1952 iliibuka homa kwenye Uwanda wa Makonde. Mtu alishikwa ghafla, homa ikapanda, viungo vikauma hadi akashindwa kujinyoosha. Dalili zilifanana sana na za dengi, homa nyingine inayoenezwa na mbu, na kama kazi ingeishia kwenye dalili, pengine ingehesabiwa kuwa dengi tu. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo ya mlipuko ule mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross akaeleza kirusi alichokitenga kutoka kwenye damu ya wagonjwa na kutoka kwa mbu wa Newala, kule juu ya uwanda, kirusi ambacho hakikuwa cha dengi. Tangu hapo kimesumbua watu India, visiwa vya Bahari ya Hindi na hata bara la Amerika. Kilianza kufahamika kwa damu ya watu wetu.

Sasa uliza kwa nini kule juu. Anayeijua Newala anajua shida ya maji ya uwanda ule. Watu walihifadhi maji majumbani mwao, na mbu aina ya Aedes aegypti hutaga mayai penye maji yaliyotulia karibu na binadamu. Tena huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Hapo umeshagusa virusi, wadudu, kinga ya mwili na mwenendo wa magonjwa katika jamii. Chuoni hayo ni masomo manne yenye walimu wanne na mitihani minne, na asiyeyaunganisha mwenyewe humaliza akiwa na vipande.

Mfano wa karibu zaidi ni Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Watu walipata homa, maumivu ya kichwa, uchovu na damu kutoka puani. Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa 20 na vifo 3. Homa inayoambatana na damu humfanya kila mtu afikirie Ebola, na hofu ilitanda. Sampuli zikapimwa, zikakutwa hazina Ebola wala Marburg, na jibu likawa leptospirosisi, ambayo wengi waliijua siku zile kwa jina la homa ya mgunda. Bakteria wake huishi kwenye figo za wanyama, panya wakiwemo, hutoka na mkojo, na humwingia mtu kupitia mchubuko anapokanyaga maji au tope lenye mkojo huo. Ni ugonjwa unaotibika kwa antibayotiki. Pima tofauti iliyopo kati ya kijiji kinachoambiwa kina Ebola na kijiji kinachoambiwa kina ugonjwa wenye dawa. Tofauti hiyo ilitoka kwenye vichupa vya damu na watu waliojua cha kuvifanyia.

Nikipata mwanafunzi mpya, napenda kuanza naye na matende na mabusha, kwa kuwa pwani hii nzima inayajua. Mtu mwenye minyoo ya Wuchereria bancrofti, inayoleta magonjwa hayo, ukimtoa damu saa nne asubuhi, ukatazama kwenye hadubini, kwa kawaida hutaona kitu. Mtu yuleyule ukimtoa damu kati ya saa nne na saa nane usiku, unaweza kukuta minyoo wachanga. Unatengeneza tone nene kwenye slaidi, unaliacha likauke vizuri, unaondoa rangi ya damu kwa maji, kisha unapaka rangi ya Giemsa. Kwenye lenzi anajitokeza mnyoo mchanga aliyejikunja mikunjo ya taratibu, amevaa ala nyembamba inayozidi urefu wake (Giemsa haiipaki rangi vizuri). Ndani yake nyuklia zimepangana kama shanga uzini, lakini ncha ya mkia ni tupu. Ncha hiyo tupu ndiyo inayomtofautisha na Loa loa, mnyoo mwingine wa damu, ambaye nyuklia zake hufika hadi mwisho wa mkia. Mwanafunzi akishaiona kwa macho yake, haisahau tena.

Na kwa nini usiku? Mchana minyoo wachanga hujificha kwenye mishipa ya damu ya mapafu, na usiku hutoka kwenye damu ya ngozini, saa zilezile ambazo mbu wanaowaeneza huuma. Mnyoo ameupangia usafiri wake muda. Kichocho cha mkojo nacho kina saa zake: mayai hupatikana vizuri zaidi kwenye mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kwa hiyo mtaalamu asiyejua fiziolojia anaweza kufuata kila hatua ya kipimo na bado akatoa jibu lisilo la kweli, kisa amechukua sampuli saa isiyofaa.

Mwaka wa kwanza una anatomia, fiziolojia na baiokemia, na supu nyingi, yaani mitihani ya marudio, hutoka hapo. Baiokemia hasa ndiyo inayowatisha watu, wakaikremu kwa pasti pepa. Isomeni kwa njia nyingine. Chukueni sikoseli, maana kila mtaa una familia inayoijua. Kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, nafasi ya 6, asidi ya glutamiki imebadilishwa ikawa valini. Ni asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini. Ila glutamiki ina chaji na inapenda maji, na valini haipendi. Oksijeni ikipungua, sehemu hiyo inayokimbia maji hushikamana na himoglobini ya jirani, zikajipanga kuwa nyuzi, na seli nyekundu ikapinda kama mundu na kuziba mshipa mdogo. Maumivu ya mtoto anayelia usiku yanaanzia hapo. Na aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni imedumu kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama haya yetu. Kijana aliyesoma kemia yake vizuri pale Ndanda au Mtwara Ufundi ana kila kinachohitajika kulielewa hilo siku ya kwanza.

Kuhusu kupiga msuli, yaani kusoma kwa bidii, ushauri wangu ni mfupi. Chora mchakato mzima bila kuangalia daftari. Mweleze mwenzako wa chumba kwa Kiswahili mpaka aelewe, kisha uandike kwa Kiingereza jinsi mtihani utakavyotaka. Sentensi ukiikariri bila kuielewa, mwalimu akigeuza swali kidogo unakwama. Bumu (pesa ya mkopo wa chuo) likiingia, toa kwanza pesa ya kitabu kimoja kizuri cha fiziolojia, hata kiwe mtumba.

Kabla vyuo havijafunguliwa, kuna miezi ya kukaa nyumbani. Andika barua kuomba kutembelea maabara ya hospitali iliyo karibu nawe: Ligula, Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Sokoine Lindi, Ndanda au Nyangao. Ukikubaliwa, usikimbilie mashine. Simama mapokezi ya sampuli uone jina, namba na saa vinavyoandikwa kwenye kichupa, na uone kichupa kisicho na maelezo kinavyokataliwa. Mashine nzuri ikipewa damu yenye jina la mtu mwingine itatoa jibu sahihi kwa mgonjwa asiye wake. Na majina utakayoyasoma pale, hata yakiwa ya jirani yenu, usitoke nayo nje ya mlango.

Wazazi huniuliza pia kama ajira ipo. Serikalini nafasi hutoka kwa vibali na watu husubiri, hilo siwezi kulificha. Lakini hospitali za mashirika ya dini, maabara binafsi, vituo vya utafiti na kuendelea na shahada ya pili vyote viko wazi kwa mhitimu aliyefanya utarajali na kusajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya.

Wenye stashahada ya maabara mliopo kazini Liwale, Tandahimba na kwingineko, nanyi njia mnayo. Vyuo hupokea waombaji wa sifa linganishi, yaani wenye stashahada badala ya kidato cha sita, na mwongozo unaeleza GPA (wastani wa alama za stashahada) na alama za kidato cha nne zinazotakiwa. Ombeni ruhusa ya mwajiri kwa maandishi mapema, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, na mhakikishe majina yenu yanafanana kwenye vyeti vyote.