Nane Zako Hazitoki Kwenye Mtutu

Swali ni lile lile kila wiki: "Nimekwama kwenye nane, yaani risasi zangu zinaishia duara la pointi nane, ninunue bastola gani?" Mwenye kuuliza ameshaamua kwamba kosa liko kwenye mtutu, na anachotaka ni jina la bastola tu. Naandika kwa wanaolenga shabaha kwa bastola ya upepo, mita 10. Kabla hujavunja kibubu, chukua rula.

Duara la kumi lina kipenyo cha milimita 11.5, na risasi ni milimita 4.5. Tundu likigusa mstari, unahesabiwa kumi. Maana yake kiini cha risasi kinaweza kukaa milimita 8 kutoka katikati na bado ikawa kumi. Tisa inaishia milimita 16, nane inaishia 24. Basi bastola inayokusanya risasi zake ndani ya duara lenye kipenyo cha milimita 16, kiini kwa kiini (yaani 8 kila upande), ikiwa imerekebishwa vilengeo vyake, haikunyimi kumi hata moja.

Pima yako. Kaa, egemeza kifundo cha mkono kwenye mfuko wa mchanga (usiegemeze bastola yenyewe, hasa ya springi, ile inayosukuma hewa kwa springi, kwa sababu huruka ikilazwa juu ya kitu). Piga risasi 5 kwa karatasi, karatasi 5. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lililo mbali zaidi, kisha toa 4.5. Rudia kwa aina tatu za risasi za kichwa bapa, maana kila mtutu una risasi inazozipenda. Zote zikizidi 16, kaza skrubu za kilengeo cha nyuma na ukague sili pale mtutu unapofungia. Bado mbaya? Hapo mtutu una kesi ya kujibu.

Mara nyingi hautakuwa nayo. Na hapa ndipo watu wanaponichosha, kwa sababu wanadhani kosa la mkono na kosa la bastola yanajumlishwa kama hela. Sivyo. Kila moja linazidishwa kwa lenyewe, yanajumlishwa, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Tuseme mkono wako ukisimama unatawanya milimita 40 na bastola yako milimita 12. Jumla ni kama 41.8. Nunua bastola ya mashindano inayotawanya milimita 5, jumla inakuwa 40.3. Umelipa mamilioni kwa milimita moja na nusu. Zile 40 umeondoka nazo dukani vile vile.

Bastola bora inasaidia, ila kwa njia nyingine: kifyatulio na mpini.

Kanuni za kimataifa zinataka uzito wa kuvuta kifyatulio cha bastola ya upepo usipungue gramu 500, na bastola nzima isizidi gramu 1,500. Bastola nyingi za kuanzia zina kifyatulio kizito mno. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 2 kitu chenye uzito wa kilo 1 kilichoshikwa kwa mkono mmoja ulionyooka, hata kama kidole kimekwenda upande kidogo tu, ncha ya mtutu inahama. Kwa anayetumia mkono wa kulia, matundu hujikusanya chini kushoto. Pima kifyatulio chako kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo: ndoano kwenye kifyatulio, bastola imeelekezwa kwenye shabaha, na risasi ndani, kwa sababu bastola nyingi za springi huumia zikifyatuliwa tupu. Vuta polepole mara 10. Ukipata zaidi ya kilo 1 na nusu, au vipimo vinaachana sana, na matundu yako ni ya chini kushoto, una sababu halali ya kununua.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni kufyatua bila risasi. Bastola za mashindano zina sehemu ya kuwasha mazoezi hayo, ili kifyatulio kifanye kazi bila kutoa risasi. Dakika 20 kila jioni ukutani, nyumbani, bila risasi wala kelele, zinajenga kidole kuliko kopo zima la risasi 500 Jumamosi moja.

Mpini usikununulishe bastola. Funga macho, inua mkono, fumbua. Kilengeo cha mbele kikiwa kimekaa kushoto au kulia ndani ya kile cha nyuma, mpini haukukai. Jaza palipo na nafasi kwa pati ya mbao, punguza panapobana kwa msasa namba 80, malizia na 120. Kifundo cha mkono lazima kibaki huru, mpini usikiguse.

Vitabu vinasema usibadilishe mpaka uizidi bastola yako. Sina uhakika. Kifyatulio kibaya hufundisha kidole kunyakua, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kutoka. Lakini kumkabidhi mgeni gramu 500 nako kuna madhara: risasi huondoka kabla hajawa tayari, naye anaanza kukiogopa kifyatulio. Mimi huangalia matundu, siangalii pointi.

Ukiamua kununua, usidanganyike na za gesi ya kaboni zinazouzwa rahisi. Kwenye nyuzi 20 gesi hiyo ina shinikizo la takriban bar 57. Kwenye 30 ni kama 72, na ikifika nyuzi 31 inaacha kuwa kimiminika kabisa. Mchana wa kaskazi Dar, chumba chenye feni tu kinafika huko. Shinikizo likiyumba kwa joto, risasi nazo zinayumba. Chukua ya hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi wake, bar 200.

Hewa hiyo utaipata kwa wapiga mbizi, ila fungua vali taratibu na usivuke 200. Pampu ya mkono bila kichujio cha unyevu, kwa hewa yetu ya pwani, inaingiza maji ndani ya mtungi. Kwa bastola iliyotumika, soma tarehe iliyogongwa kwenye mtungi: watengenezaji wengi huupa miaka 10, na mtungi uliopita hapo ni gharama nyingine. Na kabla hujatuma hata shilingi, peleka maelezo ya bastola hiyo polisi uulize kuhusu kibali, chini ya sheria ya Tanzania ya silaha na risasi ya 2015.